Kiti cha Mama kilipohama

Siku kiti kilipotoweka, kwanza nilidhani kamera imegongwa ikageuka. Nilikuwa kazini, nimefungua simu chini ya meza kama nilivyozoea, na sebule yangu ilikuwa vilevile: zulia, meza ndogo, pazia, mlango wa jikoni umeachwa wazi nusu. Kiti cha Mama tu ndicho hakikuwepo. Nikasogeza picha upande wa kushoto hadi ikagoma. Pembezoni kabisa mwa skrini nikaona ncha ya kandambili na kidole gumba kinachezacheza. Kumbe yupo. Amehamia pale ambapo jicho langu halifiki.

Jioni nikamuuliza. "Jua linanipiga machoni pale," akasema, huku akikunja leso yake bila kunitazama. Pale hapapigwi na jua asubuhi wala jioni. Sikubisha. Mtu wa umri wake akikupa sababu ya uongo, ujue amekusitiri. Ile ya kweli ingekuuma.

Mama alihamia kwetu baada ya kupata kiharusi. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mzito na mguu unaburuta kidogo, ila ulimi na akili vilikuwa vyake vyote. Mimi na mke wangu tunatoka asubuhi na kurudi jioni, hivyo tukatafuta dada wa kukaa naye. Na kwa kuwa huyo dada hatukumjua vizuri, nikanunua kamera. Ukiniuliza wakati ule ningekwambia ni ya kumlinda Mama.

Kuifunga kulichukua dakika kumi. Programu yake ikaniuliza kama inaweza kutumia kipaza sauti. Ndiyo. Ijue nilipo? Ndiyo. Itunze video kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali, kwa siku 30? Ndiyo, tena mwezi wa kwanza bure. Nilikubali mambo saba au manane kwa kidole kimoja, na katika watu wote wa nyumba ile aliyeulizwa ni mimi peke yangu. Yule dada nilimwonyesha kamera kwa sauti ileile niliyomwonyeshea pipa la taka. Mama sikumwambia kitu. Nilijua ataiona.

Baadaye sana, nilipokaa kuisoma sera ya faragha ya kampuni ile toka mwanzo hadi mwisho (jioni nzima ilikwisha, nikasinzia mara mbili), nilikuta kifungu kinachosema mwenye akaunti ndiye mwenye wajibu wa kuwaarifu watu wanaorekodiwa na kupata ridhaa yao. Nikacheka peke yangu. Kampuni niliyokuja kuilaumu kwa mengi ilikuwa imeniagiza niwaombe ruhusa watu wa nyumbani kwangu, na mimi nikabonyeza "nimekubali".

Lakini nisiipake matope bure. Wiki ya pili kamera ilifanya kazi iliyonunuliwa. Simu ilitetemeka: mwendo umetambuliwa. Nikafungua, nikamkuta Mama sakafuni, amelalia mkono wake mzito, na dada yuko uani anaanika nguo. Nikampigia, akatupa nguo akakimbia ndani, na haikupita dakika moja Mama alikuwa amekalishwa. Aliumia kiwiko tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuniambia neno kuhusu kamera ile.

Ndipo nilipoharibika. Kuchungulia mara mbili kwa siku kukawa mara tano, kisha nikaacha kuhesabu. Nilifungua nikiwa kwenye foleni, kwenye mkutano, hata chooni. Wala sikuwa tena natazama kama ameanguka. Nilikuwa natazama tu, kama mtu afuatiliaye tamthilia. Nilimwona akigombana na rimoti. Nilimwona akiufanyisha mazoezi ule mkono, ananyanyua kikombe kitupu, kinamponyoka, ananyanyua tena, kisha anajifuta macho kwa upande wa leso. Sisi alikuwa akituambia mkono umegoma, tusimsumbue na mazoezi. Kumbe hakutaka tumwone akishindwa. Lile sikupaswa kuliona, na baada ya kuliona sikuwa na pa kulipeleka.

Halafu ikaja ile dawa ya kuchua.

Siku moja mchana nilimsikia akiongea kwa simu na rafiki yake wa miaka mingi. Alisema goti linamnyima usingizi, na kwamba hatuambii kwa sababu tumeshabeba mengi. Jioni nikapita dukani, nikarudi na dawa ya goti, nikamwekea mezani kwa fahari ya mtoto aliyekariri vizuri. Mama akaishika ile dawa. Akaisoma pande zote mbili. Kisha akainua macho taratibu hadi juu ya rafu, kule kwenye kitaa kidogo cha kijani, akakitazama kwa muda.

"Nani kakuambia goti linauma?"

Nikasema nimekisia tu. Kesho yake asubuhi ndipo kiti kilipohama.

Mdogo wangu ni fundi wa mitandao ya kompyuta. Nilipomweleza kwamba Mama anajificha kamera, hakunihurumia hata kidogo. "Kaka, Mama kakuzidi akili. Nipe nenosiri la ruta." Alikuja Jumamosi na kompyuta yake, akakaa sakafuni karibu na ruta, na alipoondoka usiku nyumba yangu ilikuwa kama nyumba ya mtu mwingine.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwenye nyumba yenye intaneti kata ni ruta, kwa maana kila kinachotoka na kinachoingia kinapitia kwake. Akaniambia nitaje vifaa vyangu vilivyounganishwa. Nikataja simu mbili, kompyuta, runinga, kamera na spika janja. Sita. Orodha ya ruta ilikuwa na kumi na tisa. Tukaanza kuvitafuta kimoja kimoja kama watu wanaohesabu kuku jioni: balbu mbili, plagi, printa, saa ya mke wangu, tableti ya mtoto, simu za wageni waliowahi kupewa waifai. Kimoja kilitushinda kwa nusu saa, hadi mke wangu alipokumbuka mzani wa bafuni. Mzani! Kila asubuhi ulikuwa ukituma uzito wetu kwenye seva ambayo hata jina lake sikuweza kulitamka.

Kamera ndiyo iliyomfanya apige mluzi. Ilikuwa na njia mbili za kuingilia. Ya kwanza ni programu ya simu, ambayo niliiwekea nenosiri refu nikajisifu. Ya pili ni ukurasa wake wa ndani unaofunguliwa kwa kivinjari, ambao sikujua kama upo. Jina la mtumiaji: admin. Nenosiri: admin. Tena kamera yenyewe ilikuwa imeiomba ruta iifungulie njia ya kufikiwa kutoka nje, na ruta, ilivyopangwa kiwandani, ikakubali bila kuniuliza. Mlango wangu wa mbele una kufuli mbili na komeo. Huu mwingine ulikuwa umeegeshwa tu.

Nikamwambia, nani atahangaika na sebule yangu, mimi si mtu maarufu. Akanieleza habari ya Mirai. Mwaka 2016 programu hiyo haribifu ilizunguka intaneti ikigonga kamera, ruta na mashine za kurekodi video, ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, sitini na kitu hivi kwa jumla. Haikuhitaji kujua kamera ni ya nani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa vilivyotekwa lilielekezwa kwa Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta mahali zilipo tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi, hasa Marekani, wakashindwa kufungua Twitter, Netflix na Reddit. Wenye zile kamera hawakuhisi lolote. Kamera ziliendelea kuwaonyesha sebule zao kama kawaida. Huko Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na nenosiri moja rahisi kwa vyote. Yangu ilitoka kiwandani kabla ya hapo, na hata ingetoka baada, kuna kamera nyingi nzee zinazoendelea kuning'inia kwenye kuta za watu.

Akabadilisha nenosiri, akaufunga ule upenyo. Nikadhani tumemaliza. Akaniomba simu, akafungua akaunti yangu ya kamera, akaenda mahali ambapo sijawahi kufika, kwenye orodha ya simu zilizoruhusiwa kutazama. Zilikuwa tatu. Yangu, ya mke wangu, na simu yangu ya zamani.

Ile simu nilikuwa nimeiuza. Nilifuta picha, nikafuta ujumbe, nikatoa laini, nikampa mtu niliyekutana naye mara moja tu, tukashikana mikono. Sikuirudisha katika hali ya kiwandani. Programu ya kamera ilibaki humo, imeshaingia kwenye akaunti, inasubiri tu kubonyezwa. Mbele ya jina la simu paliandikwa lini ilitumika mara ya mwisho: siku tisa zilizopita.

Mdogo wangu hakusema kitu. Akanirudishia simu ili niifute mwenyewe. Inawezekana yule bwana aliifungua mara moja kwa udadisi, akaona kikongwe anacheza na kikombe, akaifunga. Inawezekana pia aliizoea kama nilivyoizoea mimi. Programu ile haiandiki mtu ametazama mara ngapi. Nilichokumbuka pale ni kwamba kamera niliinunua kwa sababu simjui vizuri yule dada, mtu anayemwogesha mama yangu, halafu nikampa ufunguo mtu nisiyemjua hata jina la baba yake.

Runinga nitaieleza kwa haraka, ingawa ndiyo iliyomkera mke wangu kuliko vyote. Mdogo wangu alifunga kichujio kidogo kinachoandika jina la kila seva ambayo kifaa kinaiulizia. Asubuhi yake tukasoma orodha. Runinga, ikiwa imezimwa kwa rimoti na sisi tumelala, ilikuwa imeongea usiku kucha. Runinga janja nyingi zina uwezo wa kuchukua alama za picha iliyo kwenye kioo, mara nyingi kwa dakika, na kuzilinganisha na hazina ya vipindi ili kujua unatazama nini. Haijalishi kama kipindi kinatoka kwenye king'amuzi au kwenye kicheza video ulichokichomeka mwenyewe. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio huko Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwa kukusanya habari za namna hiyo kutoka runinga milioni 11 bila wenyewe kuridhia. Kwenye ya kwetu swichi ya kuizima ilikuwa kurasa nne ndani ya mipangilio, chini ya jina la upole ambalo mtu angedhani ni jambo la kumfaa.

Nikauliza: lakini si tunaambiwa haya mawasiliano yamesimbwa, hakuna anayeweza kuyasoma? Kweli yamesimbwa. Lakini bahasha hata ikifungwa, mtu anaweza kuhesabu ni ngapi zimepita na saa ngapi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa kutazama tu wingi wa data inayopita, bila kufungua chochote, unaweza kubaini mtu amelala saa ngapi au ni lini kamera imeona mtu akipita. Nikafikiria zile arifa za mwendo zilizokuwa zikinijia. Kila nilipojua Mama ameinuka, mawasiliano ya ruta yalikuwa yamejua kabla yangu.

Spika janja nayo ilikuwa na daftari lake. Ndani ya akaunti kuna mahali pa kusikiliza kila ulichowahi kuiambia. Nyingi ni amri za kawaida, weka kengele, leo kuna mvua. Katikati yake kulikuwa na vipande ambavyo hatukuiita. Ilisikia neno linalofanana na jina lake ikaamka. Kimojawapo ni mimi na mke wangu tunabishana kuhusu Mama, abaki kwetu au aende kwa dada yangu. Sekunde kumi na moja. Nimeyasema hayo mimi, kwa sauti yangu, na sikuwa nakumbuka kwamba niliyasema hivyo. Mwaka 2019 vyombo vya habari viliripoti kwamba Amazon ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wanaosikiliza baadhi ya sauti za wateja wa spika zake ili kuuboresha mtambo, na mwaka 2023 ikakubali kulipa dola milioni 25 kwa madai ya kuhifadhi sauti za watoto kuliko inavyoruhusiwa. Spika yangu ni ya kampuni nyingine. Sikuona sababu ya kujifariji kwa hilo. Nikafuta zote, nikaichomoa, na mpaka leo imo kabatini pamoja na waya zisizojulikana kazi yake.

Yote hayo yalikuwa upande wa mitambo, na mitambo ilirekebishwa kwa siku moja. Vifaa vidogo vilihamishiwa kwenye waifai ya peke yake, mbali na kompyuta zetu. Kila akaunti ikawekewa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri peke yake halitoshi tena kuingia. Mzani ukanyimwa intaneti, na unapima vilevile. Kilichobaki hakikuwa na swichi.

Jumapili nikamuita yule dada. Nikamwomba radhi kwa kumrekodi bila kumuuliza, nikamweleza habari ya ile simu niliyouza. Alinyamaza kwanza. Sikujua kama ana hasira au anapima kama anaruhusiwa kuwa nayo. Akaniuliza kama kamera ilikuwa inasikia sauti pia, au picha tu. Nikamwambia na sauti. Akafumba macho kidogo, bila shaka akikumbuka aliyoyasema miezi yote ile. Kisha akasema, "Sisi tulijua, kaka. Ndiyo maana kuna ile pembe."

Pembe gani?

Akanionyesha. Kati ya kabati na dirisha, nafasi ya mtu kuketi na mwingine kusimama. Aliigundua siku yake ya kwanza, kwa kuitazama kamera inaelekea wapi. Hapo ndipo alipokuwa akiongea na mwanawe kwa simu, hapo ndipo alipokuwa akikaa akichoka, maana aliogopa nikimwona amekaa nitasema ni mvivu. Mama alipokuja kuudhika na ile dawa ya kuchua, dada ndiye aliyemburutia kiti hadi pale. Wakaipa jina. "Bibi na mimi tunaiita nje. Akitaka kuongea kitu ananiambia, twende nje."

Sikupata la kusema. Nyumba yangu mwenyewe, na ili mtu awe na faragha ilimbidi atoke nje akiwa ndani.

Kuzungumza na Mama kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu nilikwenda na hoja. Nilimkumbusha alivyoanguka. Nikamwambia ningeweza kuizima sauti ikabaki picha, au ikawaka saa fulani tu. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono wake mzito juu ya paja.

"Nilianguka mara moja," akasema. "Kutazamwa ni kila siku, mwanangu. Hata nikijikuna nafikiria umeniona."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema yuko nyumbani kwa watu. Mimi mwanawe ndiye hao watu. Neno hilo nimelibeba tangu siku ile na bado sijajua niliweke wapi.

Tukakubaliana hivi. Kamera ilishuka kutoka kwenye rafu siku hiyohiyo. Sasa inatazama lango, inarekodi kwenye kadi yake ya ndani, na haina habari na seva ya mtu. Mama anavaa shingoni kitufe cha kubonyeza akianguka au akizidiwa, ambacho hakina jicho wala sikio, kinalia kwa dada na kwenye simu zetu basi. Alikijaribu mara tatu siku ya kwanza ili ahakikishe, na mara ya nne kwa sababu ilimchekesha kutuona tunakimbia. Najua kina upungufu. Akianguka akapoteza fahamu hatabonyeza, na kamera ingemwona. Nilimwambia hivyo bila kumficha. Akajibu kwamba anajua, na kwamba amechagua. Mke wangu hakuafiki, na bado hajaafiki; tumebishana mara kadhaa, safari hii spika ikiwa kabatini.

Sharti lake la mwisho lilikuwa dogo: "Ukitaka kujua hali yangu, nipigie unisalimie."

Wiki ya kwanza vidole vyangu viliitafuta ile programu kila baada ya dakika chache, mahali pake pa zamani kwenye skrini. Niliifuta lakini kidole kilikuwa kinapajua. Siku ya nne nikampigia saa tano asubuhi. Simu ikaita, ikaita, moyo ukaanza kunienda mbio. Mara ya nane ikapokewa na yule dada. Kwa mbali nilimsikia Mama akicheka, na sauti ya kikombe kikigusa meza.

"Kaka, Bibi anasema yuko nje. Piga baadaye."